UKURASA WA NYUMBANI: Mtoto, Mbwa na Kidonda cha Siri



Safari hii tunataka kuongea juu ya wale tunaoishi nao lakini hawana kadi ya mgao: mbwa, paka, kuku, bata na mbuzi. Siku ya kuhesabiwa hawapangi mstari, lakini jioni wote wapo mlangoni wanangoja chochote.

Tukianza kuwaongelea wanyama, wazee wetu wananyamaza kwanza. Waliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 kutoka Fizi na Uvira wanakumbuka walichoacha. Mzee mmoja wa kijiji chetu alituambia kwamba usiku ule hakuchukua godoro wala sufuria. Alikimbilia zizini kwanza akakata kamba za mbuzi wake wote, ndipo akashika mkono wa mkewe. Tulimuuliza, "Mzee, kwa nini ulipoteza wakati hivyo?" Akajibu, "Mimi nilikuwa na miguu ya kukimbia. Wao niliwafunga mimi mwenyewe." Na wenzetu wa Burundi waliokuja mwaka 2015 nao wana zao. Kwao ng'ombe ndiye heshima ya nyumba, ndiye mahari, ndiye undugu kati ya aliyempa na aliyepewa. Mtu kama huyo ukimkuta hapa anafuga sungura wawili kwenye boksi, usimcheke.

Basi tunapoandika juu ya mnyama, hatuandiki juu ya kitu kidogo. Tunataka kuwapa habari ya nyumba moja jirani yetu. Wazazi wametukubalia, ila majina tumeyaacha.

Nyumba hiyo ina mtoto wa kiume wa miaka 9. Siku moja ya mgao aliokota kibwa karibu na uwanja, kimekonda, kina viroboto, macho yamejaa tope. Akakificha ndani ya shati akakileta nyumbani. Baba yake akakataa pale pale. "Sisi wenyewe unga hautufikishi mwisho wa mwezi, halafu unaniletea mdomo mwingine?" Mama akasema kilale tu usiku mmoja. Nyinyi mnajua usiku mmoja wa namna hiyo unavyokuwa. Kikabaki.

Mtoto akamwita Askari. Kila jioni alikuwa anabakiza tonge moja la ugali kwenye kiganja, anajifanya anaenda msalani, kumbe anaenda kumpa. Baba aliona, akajifanya haoni. Baadaye alituambia sababu. Mwaka 1996 alikuwa kijana wa miaka 14, na mbwa wake alibaki ufukweni anabweka mpaka mtumbwi ukatoweka. Alisema toka siku ile hakutaka mbwa tena.

Askari akakua. Usiku alikuwa analala mlangoni, na mtu asiyejulikana akipita anabweka. Jirani aliyeibiwa kuku alianza kusema, "Nyumba ile ina bahati." Hata baba akaanza kumtupia mifupa ya dagaa.

Jioni moja likatokea jambo. Mbwa asiye na mwenyewe aliingia kwenye bloku, anayumba, anamtafuna yeyote anayekutana naye, hata mti. Akamrukia Askari, wakaumana. Mtoto alipoona damu kwenye sikio la Askari aliingia katikati kuwatenganisha, na yule mgeni akamuuma mkono wa kulia, kisha akakimbilia porini. Hakuna mtu mzima aliyeona.

Sasa sikilizeni vizuri, wazazi. Mtoto hakusema. Alifunga mkono kwa kipande cha kitambaa, akavaa sweta ya mikono mirefu, akanyamaza. Kwa nini? Wiki mbili kabla, kijana mmoja wa bloku ya pili aliumwa na mbwa, na watu wakamuua yule mbwa kwa marungu mbele ya watoto. Mtoto wetu aliona. Akafikiri, nikisema nimeumwa, watamwua Askari. Tena aliogopa fimbo, maana alikatazwa kucheza na mbwa.

Siku tatu akakaa hivyo. Siku ya nne, wakiwa wanakula, akanyoosha mkono wa kushoto kwenye ugali. Mama akamkemea, "Weye! Toka lini unakula na kushoto? Nani alikulea?" Mtoto akainama. Mama akavuta sweta.

"Hii ni nini?"

"Mwiba, mama."

"Mwiba gani hii ina meno mine, mtoto yangu?"

Hapo machozi yakamtoka, akasema yote. Na neno la mwisho aliloomba halikuwa juu ya mkono wake. Alisema, "Mama, usimwambie baba. Askari hana kosa."

Mama huyo tunamsifu mpaka leo. Hakuchukua fimbo. Alichukua dumu la maji na kipande cha sabuni, akaosha ule mkono muda mrefu, akamwita baba, na usiku huo huo wakaenda kituo cha afya. Wakapewa karatasi ya rufaa, na kesho yake mtoto akachomwa sindano ya kwanza ya chanjo hospitali. Akarudi tarehe zote zilizoandikwa kwenye kadi, hata siku ile ya mvua kubwa.

Bwana mifugo alikuja kumwangalia Askari. Akasema mbwa huyu naye ameumwa na hajapata chanjo, kwa hiyo kwa sheria ya kazi yake ni kumlaza kabisa, au kumfungia peke yake kwa miezi bila kuguswa na mtu. Baba, yule aliyekuwa hataki mbwa, akaomba amfungie. Akamjengea kibanda cha miti nyuma ya nyumba, akawa anamsukumia chakula kwa fimbo ndefu. Mtoto alikuwa anakaa mbali, anamwongelesha.

Wiki ya tano Askari akaacha kula. Sauti yake ikabadilika, ikawa kama ya mtu mwenye mafua. Taya likaanguka, udenda ukawa unamiminika, akawa anatafuna miti ya kibanda. Siku chache akafa. Hapo wote tukaelewa ni kitu gani kilikuwa ndani ya lile jeraha la mkono.

Baba alichimba shimo refu. Bwana mifugo, aliyevaa glovu, ndiye aliyemweka ndani. Baba akasema, "Alikula ugali wetu, alilinda mlango wetu. Hatumtupi." Mtoto yuko hai mpaka leo, anasoma, kidonda kimebaki alama. Lakini jioni bado anabakiza tonge. Mama yake anamwacha tu.

TUJUE NINI JUU YA KICHAA CHA MBWA?

Ugonjwa huu wengi wetu kutoka Kongo tumezoea kuuita raje. Unaletwa na kijidudu kidogo sana kinachokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Karibu watu wote wanaoupata huumwa na mbwa, ingawa paka na wanyama wa porini nao wanaweza kuuleta. Kijidudu hakiendi kwa damu. Kinapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Mara nyingi kinachukua miezi miwili au mitatu, wakati mwingine wiki moja tu, wakati mwingine mwaka. Ndiyo maana mtu anaumwa leo, kidonda kinapona vizuri, familia inasahau, halafu baadaye mtoto anaanza kuogopa maji. Na dalili zikishaanza, tunasema kwa uchungu, karibu hakuna anayepona.

Lakini huo huo mwendo wa polepole ndio nafasi yetu. Chanjo ikiingia mapema inakifikia kijidudu kabla hakijafika kichwani. Siyo habari mpya hii. Mwaka 1885 huko Ufaransa mwanasayansi Louis Pasteur alisimamia kuchanjwa kwa mtoto aliyeumwa na mbwa, Joseph Meister. Naye alikuwa na miaka 9, na mama yake ndiye aliyemsafirisha mpaka Paris. Akapona, akawa mtu mzima.

MTU AKIUMWA, TUFANYE HIVI

1. Tuoshe jeraha hapo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Usipokuwa na saa, hesabu muda wa kuosha vyombo vya nyumba nzima. Sabuni ya mgao inatosha. Hata kama siku zimepita, bado tuoshe.

2. Twende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tusingoje kuona kama mbwa atakufa. Hata mkwaruzo mdogo, au mate kwenye kidonda, twende. Jeraha la usoni, kichwani au mkononi ni la haraka zaidi, kwa sababu liko karibu na ubongo au lina mishipa mingi.

3. Tumalize sindano zote. Wazee wanaogopa zile sindano nyingi za tumboni za zamani. Hizo hazitumiki tena, sasa ni chache na zinachomwa begani. Kama jeraha limetoa damu, mganga anaweza kuongeza dawa nyingine kwenye jeraha lenyewe.

4. Tusiweke pilipili, majivu, mafuta ya gari wala manyoya ya mbwa yaliyochomwa. Na lile jiwe jeusi tulilokuja nalo kutoka nyumbani haliondoi kijidudu hiki. Linatuchelewesha tu.

5. Mbwa aliyeuma, kama ana mwenyewe na anaonekana mzima, afungwe na kuangaliwa siku 10, na bwana mifugo apewe habari. Mtoto asingoje siku hizo kwisha ndipo aanze sindano. Mnyama aliyekufa tusimguse kwa mikono mitupu, tusimchune, tusimle.

Na mbwa wenyewe? Kuwaua kwa marungu hakumalizi ugonjwa. Wale waliochanjwa wakiuawa, nafasi yao inachukuliwa na wengine wasiochanjwa. Kinachomaliza ni kuchanja mbwa wengi kwa pamoja, angalau 70 kwa kila 100. Kisiwani Pemba walifanya hivyo, ugonjwa ukakatika. Ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena, na mwaka 2018 ukakatika tena. Kwa hiyo siku bwana mifugo akitangaza chanjo, tusiwaachie watoto peke yao kuvuta mbwa kwa kamba. Baba aende, mama aende. Kila tarehe 28 Septemba dunia inakumbuka ugonjwa huu. Ni siku nzuri ya kuuliza, "Mbwa wetu amechanjwa lini?"

Kwa kifupi tuseme na wengine. Kuku wanalipa ada ya daftari, lakini kideri kinaweza kumaliza banda zima kwa wiki moja. Kuna chanjo ya tone moja la jichoni kila miezi mitatu, na inawasaidia wazima, siyo waliokwisha kuugua. Kuku wasilale chumba kimoja na watoto wachanga. Mbuzi tumfunge, maana akila mihogo ya wanakijiji wenyeji, ugomvi hautakuwa wa mbuzi tena. Na paka anayekamata panya kwenye magunia yetu anastahili maji safi, siyo teke.

Mwisho turudi kwenye lile sweta la mikono mirefu. Wahenga walisema, mficha ugonjwa kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini mtoto huyu hakuficha kwa ukaidi. Alificha kwa sababu anampenda rafiki yake na anatuogopa sisi. Sisi tuliokimbia tunajua kuficha, tumefundishwa na njia. Tumewafundisha na watoto wetu bila kutaka. Basi leo jioni, kabla ya kulala, tuwaambie maneno haya wazi wazi: "Ukiumwa au ukikwaruzwa na mnyama, njoo useme. Hutapigwa." Na tukishasema, tusivunje ahadi. Mtoto akisema akachapwa, mara ya pili hatasema.

MASWALI YA KUONGEA NYUMBANI

- Wazazi: ulipokuwa mdogo, mnyama gani ulimpenda? Aliishia wapi? Wasimulieni watoto.
- Watoto: kuna jambo mnaogopa kutuambia?
- Wote: mbwa wa nyumba hii na wa jirani wamechanjwa?

Kama nyumba yako ina habari ya mnyama, ya furaha au ya huzuni, andika hata kwenye nusu karatasi umpe mjumbe wa bloku yako, itatufikia. Mwezi ujao tutaongea juu ya bustani ndogo za mlangoni. Tukae salama, na waliofungwa kamba wasisahauliwe maji. Kwaherini.