Papa aliyeachiliwa si papa aliyepona

SAFU YA ALHAMISI
Na Mujinga Kalenga, Lubumbashi

Juma lililopita, katika soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, nilikuta vijana wawili kando ya meza ya mama anayeniuzia samaki aina ya thomson. Walikuwa wakitazama video kwenye simu. Mabaharia wa meli kubwa ya uvuvi walikuwa wamemkamata papa, wakamburuta hadi ukingoni, wakamsukumia baharini. Papa alipiga maji mara moja, akazama. Vijana wakashangilia. Mama yule alikuwa akipasua samaki walioganda, wala mikono yake haikusimama. Aliuliza jambo moja tu: "Na kisha? Alifika?"

Hakuna aliyemjibu. Swali hilo nilirudi nalo nyumbani pamoja na kitoweo.

Asiniambie mtu kwamba bahari ni mbali na Lubumbashi. Thomson tunayolia bukari, yaani ugali wetu, hupakuliwa Walvis Bay, Namibia, ikavuka Zambia na kuingia kwetu Kasumbalesa. Jodari wa mkebe yuko madukani kote mjini. Nchi yetu yenyewe ina pwani huko Muanda, fupi kweli, kama kilomita 40, lakini ni bahari. Alaye samaki ana haki ya kuuliza walivuliwaje, na ni nani waliokufa pamoja nao.

Jibu la swali la mama huyo limekwisha kutafutwa, tena katika Bahari ya Hindi, upande wa mashariki ya bara letu. Huko meli kubwa huzungushia wavu makundi ya jodari wanaokusanyika chini ya vyelezo vilivyotupwa baharini makusudi ili kuwavutia. Chini ya vyelezo hivyo hukusanyika pia papa wachanga wa jamii ya ngozi laini, ambao wataalamu huwaita Carcharhinus falciformis. Wavu hauchagui. Hapo ndipo mabaharia hutakiwa kumrudisha papa majini. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, imekataza kabisa kubaki na baadhi ya aina za papa: akinaswa, aachiliwe.

Ni amri nzuri. Lakini baharia humwona papa hadi anapozama tu. Katika daftari la meli ataandikwa "ameachiliwa akiwa hai", na hesabu itafungwa hapo.

Ili kuifungua tena hesabu hiyo, watafiti walitumia kifaa kidogo chenye boya, kinachochomekwa kwenye nyama karibu na pezi la mgongoni. Kifaa hupima kina, joto la maji na mwanga. Siku iliyopangwa ikifika, kinajikata chenyewe, kinaelea juu, kisha kinatuma taarifa zake kwa setilaiti za Argos, mfumo ulioanzishwa na Ufaransa na Marekani mwaka 1978. Papa hana kibofu cha hewa cha kumwelesha. Akifa, huzama moja kwa moja. Kifaa kikiona kinashuka kuelekea mita 1,800 hivi, hujiachia kabla hakijapondwa na uzito wa maji. Kwa hiyo kifo cha papa kinaonekana kwenye karatasi kama mstari ulioshuka bila kupanda tena.

Mwaka 2014 mtafiti François Poisson na wenzake walichapisha matokeo ya kazi hiyo kwenye meli za jodari za Bahari ya Hindi. Karibu papa wote, 95 kwa mia, walipandishwa melini kwa chombo kilicho kama kijiko kikubwa cha wavu, kinachochota tani za samaki kwa mara moja. Kati ya papa 100 waliochotwa hivyo, 72 walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki 28 wakaachiliwa. Vifaa vikaeleza yaliyofuata: karibu nusu yao, 48 kwa mia, walikufa baada ya kuachiliwa. Yaani papa 13 au 14 waliokufa mahali ambapo hakuna jicho la mtu.

Sababu zinaeleweka. Papa huyu hupumua kwa kuogelea. Akizuiwa asisonge, anakosa pumzi. Ndani ya kijiko kile analaliwa na mzigo wa jodari, na nguvu alizotumia kupigana humwacha na sumu ya uchovu mwilini. Anayesukumiwa baharini ni mgonjwa mahututi. Lakini wale wachache walionaswa kwenye macho ya wavu, bila kupita ndani ya kijiko, walikufa 18 tu kwa mia. Samaki yule yule, meli ile ile. Tofauti ni namna alivyotolewa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mtafiti John Filmalter na wenzake walikuwa wamefichua jambo zito zaidi. Vyelezo vile vilikuwa na nyavu kuukuu zinazoning'inia chini yake, na papa walinaswa humo bila meli yoyote kuwapo. Papa hupanda na kushuka kutwa nzima; vifaa vilionyesha wengine wakikwama kwenye kina kimoja, kisha wakizama. Makadirio yao yalikuwa papa 480,000 hadi 960,000 kwa mwaka katika Bahari ya Hindi. Hakuna daftari lililowaandika. Baadaye Tume iliamuru kwamba tangu Januari 2020 vyelezo visiwe na nyavu za kunasa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: sheria isemayo "mwachilie" haijatimia mpaka iulize "alipona?" Watu watasema kifaa ni ghali, zaidi ya dola elfu moja kwa papa mmoja. Ni kweli, lakini si lazima kila papa avishwe. Makumi machache yametosha kutufundisha kwamba papa huokolewa kabla hajafika sitahani: kwa chelezo kisichonasa, kwa kumtoa angali majini. Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kuachilia nako ni hivyo.

Na sisi tuna ziwa letu. Kuanzia Kasenga hadi Kilwa na Pweto, wavuvi wa mto Luapula na ziwa Mweru huambiwa warudishe makobo wachanga majini. Makobo aliyekesha kwenye wavu, magamba yametoka, ataishi? Ndiyo maana nawasihi wakubwa wa uvuvi wa Haut-Katanga: kazeni kwenye ukubwa wa macho ya wavu na kwenye miezi ya kufunga uvuvi, ambamo samaki hanaswi kabisa. Msihesabu rehema ya dakika ya mwisho kuwa ulinzi.

Jumamosi nitarudi sokoni kununua thomson. Nitamwambia yule mama kwamba swali lake liliulizwa hadi angani, na jibu likarudi. Kati ya papa mia waliochotwa na kijiko kile, waliofika ni kumi na watano.