Hazina Aliyoizika Mjerumani

Kuna uongo mmoja uliokaa katika mkoa wetu kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wetu. Unasema kwamba Mjerumani alipofukuzwa mwaka 1916 alizika masanduku ya dhahabu na rupia chini ya miamba ya Kondoa, kisha akachora picha juu ya miamba hiyo ili siku akirudi apajue mahali. Nauita uongo, wala sitauita "imani ya wananchi" kama wapendavyo waungwana wa semina, kwa sababu kuubembeleza kumetugharimu sana. Kwa ajili yake watu wamepanda milimani usiku na sururu na mitaimbo, wakachimbua sakafu za mapango yenye picha, wakashuka alfajiri mikono mitupu na kuacha nyuma yao shimo na kifusi.

Laiti wangekuwa vijana wasio na kazi peke yao, nisingepoteza wino. Lakini mchimbaji wa usiku mara nyingi ametumwa. Nyuma yake yupo mtu wa mjini mwenye gari na fedha ya posho, na pembeni yupo mganga mwenye kioo cha kuonea yaliyo chini ya ardhi. Katika miaka yangu ya ualimu nimewasikia watu waliofaulu mitihani ya historia wakiniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ile alama ya twiga pale jiwe la juu, inaelekeza upande gani?" Hao ndio ninaobishana nao leo. Asiyejua hufundishwa, anayejua akajifanya hajui, huyo huambiwa ukweli usoni.

Tuanze na hesabu, maana tamaa huogopa hesabu.

Majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Jacob van Deventer wa Afrika Kusini yaliingia Kondoa Irangi mwezi Aprili 1916. Mwezi Mei von Lettow-Vorbeck alijaribu kuwaondoa, akashindwa. Mwisho wa Julai Dodoma nayo ikaanguka. Je, Mjerumani wa wakati huo alikuwa tajiri wa kuzika dhahabu kila penye jiwe? Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza. Fedha kutoka kwao haikufika. Alikuwa akichapa noti za karatasi hafifu. Huko Tabora alikuwa akigonga senti kwa shaba ya maganda ya mizinga. Dhahabu aliyokuwa nayo ilitoka mgodi wa Sekenke, hapa jirani upande wa Singida, akaigonga kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Idadi yake inajulikana: sarafu 16,198. Kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 7 na kidogo. Zidisha mwenyewe, msomaji, utapata kilo 116 hivi. Sarafu zote za dhahabu zilizogongwa Tabora zingebebwa na pikapu moja, tena bila kulemewa. Lakini kwa hadithi za vijiweni, dhahabu ya Mjerumani ingejaza treni nzima ya Reli ya Kati.

Sikatai kwamba Mjerumani alificha vitu. Meli yake ya Graf von Götzen aliizamisha mwenyewe katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916, mitambo ikiwa imepakwa grisi ili isiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Lakini angalieni: alichokificha kilikuwa chombo cha kazi, kimeandikwa, kinajulikana, na kilipatikana. Hakuna aliyehitaji mganga.

Sasa tuje kwenye zile zinazoitwa "alama". Milima inayoshuka kuelekea Bonde la Ufa, kutoka Kolo hadi Cheke na Kisese, ina mapango na miamba yenye picha inayokadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akinakili picha hizo moja moja. Aliorodhesha maeneo 186 na kunakili picha 1,600 hivi. Wamo twiga, tembo na pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wengine wakicheza, wengine wakishikana. Alipochapisha kitabu chake mwaka 1983 alikipa jina lenye kusema kwamba sanaa hii ya Afrika inatoweka. Mwaka 2006 UNESCO iliziweka picha za Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Dunia nzima imekubali kwamba hii ni mali. Sisi tunaokaa nayo ndio tunaoitafutia mwenyewe huko Ujerumani.

Wataalamu wanazihusisha zile za rangi nyekundu na wawindaji wa kale, jamaa wa Wasandawe na Wahadzabe wa leo. Nyeupe, zilizokuja baadaye, wanazihusisha na wakulima wa Kibantu. Na haya si makisio matupu. Mwaka 1971 mtafiti Eric ten Raa, aliyekaa na Wasandawe, alichapisha maelezo yake kwamba uchoraji wa miambani ulikuwa bado unafahamika kwao, wakijua unafanywa kwa sababu gani, katika mambo ya uwindaji na ya matambiko ya ukoo. Mchoraji, basi, tunamfahamu. Wajukuu zake tunakutana nao gulioni, tunapanda nao basi moja. Tunampita jirani huyo, tunakwenda kumsingizia kazi yake nahodha wa Kijerumani aliyekuwa akikimbia risasi. Je, mtu anayekimbia anapata wapi nafasi ya kuchora twiga?

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, haiko ukutani. Iko miguuni pa mchimbaji, katika udongo anaoutupa nje.

Pango la Kisese II lilichimbwa kitaalamu na Ray Inskeep mwaka 1956. Lina tabaka juu ya tabaka, kila moja na zana zake za mawe, mifupa yake na shanga zake za maganda ya mayai ya mbuni. Vipimo vipya vilivyotangazwa mwaka 2018 vinaonyesha kwamba tabaka hizo zinarudi nyuma zaidi ya miaka 40,000. Mwaka 2022 watafiti wawili, Jennifer Miller na Yiming Wang, walilinganisha shanga za namna hiyo zaidi ya 1,500 kutoka maeneo 31 ya Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Waligundua kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita, watu walioachana kwa maelfu ya kilomita walikuwa wakitengeneza shanga zinazofanana mno, kana kwamba wamefundishwa na fundi mmoja. Miaka hiyo hapakuwa na piramidi wala Roma, lakini mtu wa huku na mtu wa kusini mwa bara walikuwa na pambo moja. Mnataka kisa cha ajabu? Hicho hapo. Na shanga yenyewe ni ndogo. Mchimba rupia huirusha kwenye kifusi bila kuiona.

Nieleze kwa nini kifusi hakiponi. Udongo wa pangoni ni kama daftari la mahudhurio: kila siku ina mstari wake. Mtaalamu huondoa tabaka kwa brashi na mwiko, hupitisha udongo kwenye chekeche, huandika kina cha kila kipande, kisha mkaa wa jiko la kale hupimwa umri wake. Shanga iliyokaa kando ya mkaa huo nayo hupata umri. Ukichanganya udongo kwa sururu, umechana kurasa na kuzitia zote katika gunia moja. Shanga itabaki shanga, lakini imekuwa bubu.

Mfano upo. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 9 mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa, Kilwa yetu hii ya kusini, iliyogonga sarafu zake yenyewe wakati Ibn Battuta anaitembelea mwaka 1331. Zilifikaje huko? Hakuna awezaye kuapa hadi leo. Zililala juu ya mchanga tu, bila tabaka la kuzitolea ushahidi. Kule mchanga na mawimbi ndivyo vilivyoinyima sarafu ulimi wake. Huku kwetu tunafanya kwa mikono, tena kwa kulipana posho.

Ugonjwa huu una jina, nao haukuanza Kondoa. Carl Mauch alipofika Zimbabwe Kuu mwaka 1871 alidai kuwa kuta zile ni za Malkia wa Sheba. Mwaka 1895 ikaanzishwa kampuni nzima ya kuchimba dhahabu ndani ya magofu ya nchi ile. Kuanzia 1902 hadi 1904 Richard Hall, aliyepewa kazi ya kuyatunza, aliondoa udongo mwingi akiutafuta mji wa wageni wa kale, akautupa akiuona ni taka za Waafrika. Taka hizo ndizo zilizokuwa ushahidi. Mwaka 1905 David Randall-MacIver, na mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson, walionyesha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika, lakini sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa imekwisha kumwagwa. Hall aliamini kwamba kitu kizuri hakiwezi kuwa cha mwenyeji. Mchimba rupia wa Kondoa anaamini hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba Hall alikuwa mkoloni, na huyu ni mwenzetu.

Nitaambiwa, "Mwalimu, njaa haina adabu. Picha ya twiga inamlisha nani?" Hoja hii naiheshimu, maana mvua zetu nazijua. Najibu mara mbili. Kwanza, sijamwona hata mmoja aliyetajirika kwa rupia za pangoni, ila nimewaona waliouza mbuzi na ng'ombe kuwalipa waganga. Pili, ni kweli kwamba faida ya picha hizi haijamfikia mwanakijiji inavyostahili, na hapo lawama si yake. Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964, nayo inakataza kuchimba bila kibali. Lakini mwanakijiji ameonyeshwa kibao cha "usiguse" kabla hajaelezwa asiguse kwa nini. Hata wazee wa Kirangi wanaofanya matambiko ya mvua pale Mungomi wa Kolo wametazamwa wakati mwingine kama wavamizi wa mahali ambapo wao ndio wamepaheshimu siku zote. Mlinzi wa bure tunamfukuza, kisha tunalalamika kwamba mwizi amepita.

Na sisi walimu tusijifiche. Mtoto wa Kondoa anaweza kutaja mafarao watatu, na Kisese hajaisikia. Kisingizio cha umbali kimekwisha: lami imefika Kondoa na kupita hadi Babati, na Serikali yenyewe imehamia Dodoma. Basi la shule liende Kolo. Mzee wa Kirangi asimame mbele ya watoto aeleze, Msandawe aeleze, na mtaalamu wa mambo ya kale aeleze, kila mmoja kwa zamu. Mtoto aliyewahi kuonyeshwa shanga ya miaka 40,000 mikononi mwa mtaalamu hatakubali, akiwa mkubwa, kumshikia mtu taa ya kuchimbia pango.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi mbachao hatukuuacha tu. Tunauchana vipande tukitafuta msala wa mtu aliyekwisha kwenda zake tangu 1916. Anayejua mahali wanapochimba usiku na akanyamaza, naye ameshika sururu.