Waraka kwa Wanachama: Tukaguane Vinywa Kabla ya Kuzikana

Kwa ndugu zangu, akina mama na akina baba wa Likoni, Kisauni na Changamwe.

Nawaandikia nikiwa na uzito moyoni. Chama chetu ni cha kuzikana, na kwa kuzikana hatujambo: mtu akifa Mtongwe usiku, alfajiri watu wa Bamburi washavuka feri, mchango mkononi. Lakini dada yetu tuliyemzika majuzi alikaa nasi vikaoni na kidonda ndani ya shavu, upande ule ule anaoweka tambuu. Aliacha pilau, akawa anaomba uji. Akizungumza, huziba mdomo kwa ncha ya leso. Tuliona sote, tukaona haya kumuuliza. Alipofika hospitali, shingo ishavimba na kinywa hakiachami. Ndugu zangu, wazee walitufunza kusitiriana. Hawakutufunza kuyaacha maradhi yatumalize.

Nasikia wengine wakisema tambuu ni ya mababu. Kweli, nami siibezi. Sinia la tambuu nimelipokea harusini mara nyingi. Ila tusijidanganye kwamba ubaya uko kwenye tumbaku peke yake. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walishatamka mwaka 1985 kuwa tambuu yenye tumbaku huleta saratani, na mwaka 2004 wakaongeza kwamba hata popoo yenyewe inayotiwa ndani ya tambuu, bila tumbaku, ni kisababishi. Popoo hukaza nyama ya shavu polepole, mpaka mtu hawezi kuingiza vidole vyake vitatu kinywani, na nyama iliyokazika hivyo hailegei tena. Anayevuta sigara na kunywa pombe pamoja, hatari yake huzidi mno kuliko ya mwenye moja. Muguka, majani yale ya kutafuna, tuliubishania sana Mei 2024, gavana wetu akiupiga marufuku na Mahakama Kuu ya Embu ikisitisha. Katika kelele zile popoo ikapita kimya kimya. Linaloniuma zaidi ni popoo tamu za pakiti wanazonunua watoto wakitoka madrasa, kwa sababu baadhi ya vioski vinavyoziuza ni vyetu wenyewe wanachama.

Hata hivyo saratani ya kinywa, tofauti na ya ini au kongosho, huonekana kwa macho. Kule Kerala, India, pwani ambayo majahazi yetu ya zamani yakiiendea na kusi na kurudi na kaskazi, utafiti ulioanza 1996 uliwahusisha watu zaidi ya 190,000. Nusu yao walikaguliwa vinywa na wahudumu waliofunzwa, wasio madaktari. Matokeo yalitoka 2005: kwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilikuwa pungufu kwa karibu theluthi moja upande wa waliokaguliwa. Kidonda kikikamatwa kingali kidogo, mara nyingi upasuaji hutosha. Kikichelewa, ni kukatwa taya, mionzi na dawa kali, na bado matumaini huwa haba.

Kwa hiyo kikao kijacho tutakaguana kwa tochi za simu, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume: chini ya ulimi, pembeni mwake, ndani ya mashavu, kwenye ufizi. Mwenye doa jeupe lisilofutika, doa jekundu, au kidonda kilichopita wiki tatu bila kupona, aende kwa daktari wa meno Port Reitz au hospitali ya Likoni. Asikubali kung'olewa jino tu kisha arudi nyumbani. Aulize kama nyama ikatwe kidogo ipimwe, na akipewa rufaa ya Hospitali Kuu ya Pwani, pale Makadara, asiifiche chini ya godoro.

Nimeiomba kamati itenge sehemu ya mfuko wa mazishi kwa nauli na vipimo, nanyi mtaupigia kura mpango huo. Akina mama wa Changamwe wamekubali kuwa wa kwanza kukaguliwa. Wenye vioski nitawafuata mmoja mmoja, kwa heshima. Akina baba wa Likoni, jibu lenu kuhusu kukaguliwa bado nalisubiri.