Kuhamisha kura si kuhamisha imani

Mpigakura anayekihama chama chake na kukifuata kipya kinachoahidi kupambana na ufisadi huitwa msaliti. Tuhuma hiyo haina uzito, kwa sababu chama ni chombo tu, na anayeking'ang'ania chombo kilichotoboka hamtendei haki yeyote. Wakenya walilielewa hilo Desemba 2002, walipoing'oa KANU iliyotawala tangu 1963 na kumpa Mwai Kibaki wa muungano mpya wa NARC zaidi ya asilimia 60 ya kura. Kosa lilikuja baadaye: wengi waliihamishia NARC imani yao yote, wakaacha kuihoji. Mwaka 2003 ilitungwa sheria ya kupambana na ufisadi, na John Githongo akateuliwa kusimamia maadili serikalini. Mwaka uliofuata ikafichuka kashfa ya Anglo Leasing, ya mikataba ya serikali na kampuni hewa, na mwanzoni mwa 2005 Githongo akajiuzulu akiwa Uingereza.

Wapo wanaosema hayo yanathibitisha kwamba wanasiasa wote ni wale wale. Ni kweli kwamba baadhi ya vigogo wa NARC walikuwa wametoka KANU miezi michache tu kabla ya uchaguzi, na hilo lilipaswa kututia shaka mapema. Lakini hoja hiyo inamzawadia mwizi wa zamani kwa sababu ya dhambi za mrithi wake. Kura ya 2002 ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni wapigakura walio tayari kudai majina, mashtaka na kurudishwa kwa fedha, hata pale mtuhumiwa anapokuwa mtu wa upande wao.