Jiwe la Mwezini na Wakfu Wetu

Majuzi nilikuwa Washington kwa binti yangu. Jumamosi moja tukawachukua wajukuu mpaka Makumbusho ya Taifa ya Ndege na Anga za Juu. Kiingilio hakuna. Ndani mna kipande cha jiwe la mwezini, kililetwa na Apollo 17 mwaka 1972, na ruhusa kukigusa. Mjukuu wangu wa miaka saba akakipapasa, akauliza, "Babu, mbona laini hivi?" Nikamwambia, mikono ya watu hiyo.

Miaka mingi nilisomesha fizikia kwa chaki. Vifaa vilikuwamo kabatini, na kabati limefungwa, visije vikavunjika. Wanafunzi walifaulu kwa kukariri, lakini swali kama lile sikuulizwa hata siku moja.

Sasa sikilizeni. Taasisi ya Smithsonian, yenye makumbusho haya, ilianzishwa 1846 kwa mali ya James Smithson, Mwingereza aliyefariki 1829. Marekani hakuwahi kutia mguu, lakini aliusia mali yake ieneze elimu huko. Sisi jambo hili twalijua, jina lake wakfu. Wazee wetu waliweka wakfu misikiti, visima, mashamba ya minazi. Nani basi ataweka wakfu chumba kimoja tu cha sumaku, lenzi na betri, kule Pemba au Mombasa, au hapa Ghuba tulipo, watoto washike kwa mikono yao?

Nawe mwalimu mwenzangu, usingoje wakfu. Fungua kabati. Chupa ikivunjika, itanunuliwa nyingine.