NG'OMBE HUPIGWA CHAPA KABLA HAJAIBIWA

Ukoloni wa leo haupandishi bendera. Huingia kwa fomu na ada, katika ofisi iliyo mbali ng'ambo, ambako mtu huandikisha jina na kutoka akiwa mwenye jina hilo. Sisi wa Mwitongo, tunaoishi jirani na kaburi la Mwalimu aliyezikwa hapa mwaka 1999, haitupasi kunyamaza.

Tazameni yaliyotokea. "Hakuna matata" ni maneno ya kila siku ya Waswahili. Bendi ya Them Mushrooms ya Kenya iliyaimba mwaka 1982. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ya Marekani iliomba kuyaandikisha huko kwao yawe alama yake ya biashara katika nguo, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Kelele kubwa zikasikika mwaka 2018, miaka 15 baadaye! Ni kweli, hakuna aliyekatazwa kuyasema. Lakini mshonaji wetu akitaka kuuza fulana zenye maneno hayo Marekani, atakuta mlangoni mlinzi asiyezaliwa na lugha hiyo.

Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza ilitaka kuandikisha jina la kikoi, vazi la pwani yetu. Hapo watu wa Kenya na marafiki zao walipinga mapema, na mwaka 2008 ombi likaanguka. Na Serengeti je, ambayo sehemu yake imo katika mkoa wetu wa Mara? Tangu miaka ya 1980 jina hilo limeuza miwani ya jua, biashara iliyoanzishwa na kampuni ya Corning ya Marekani. Nyumbu ni wetu, nyasi ni zetu, faida ya jina ni ya wengine.

Je, tulie tu? La! Mfugaji wa Mara hampigi chapa ng'ombe wake baada ya wezi kumvusha mto. Humpiga chapa akiwa bado zizini. Basi na tujue sheria. Alama ya biashara ina mipaka kama nchi ilivyo na mipaka. Ukiandikisha BRELA umelindwa Tanzania Bara tu. Hata ndugu zetu wa Zanzibar wana daftari lao. Na ziko nchi, kama Uchina, ambazo humpa haki aliyetangulia kuandikisha, si aliyetangulia kulitumia jina.

Lakini njia ipo. Mkataba wa Paris, ambao Tanganyika iliingia mwaka 1963, humpa aliyeomba nyumbani miezi 6. Akiomba katika nchi nyingine ya mkataba huo kabla miezi hiyo haijaisha, huhesabiwa kana kwamba aliomba siku ile ile ya kwanza. Anayelala akapitiwa na miezi hiyo hupoteza nafasi hiyo.

Waethiopia hawakulala. Mwaka 2005 serikali yao iliomba kuandikisha Marekani majina ya kahawa yao: Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Wafanyabiashara wa kahawa wa huko walipinga. Ethiopia haikurudi nyuma, na mwaka 2007 kampuni kubwa ya Starbucks ikatia saini mapatano ya kuyatambua majina hayo.

Wako wasemao kwamba gharama ni kubwa. Kweli, ni kubwa kwa mkulima mmoja mwenye miche michache ya kahawa Tarime. Ndiyo maana tulianzisha ushirika! Mzigo unaomvunja mtu mmoja mgongo hubebwa na watu mia wakiimba.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, vyama vya ushirika viandikishe majina ya kahawa, samaki na nguo zetu katika nchi ya mnunuzi kabla ya shehena ya kwanza kuondoka. Pili, serikali isaidie ada, na balozi zetu ziyachungue madaftari ya ugenini na kupinga kwa wakati. Tatu, kila tawi la Chama lifundishe jambo hili kwa lugha nyepesi, kuanzia hapa Butiama mpaka Musoma na Bunda.

Tulidai nchi yetu tukaipata. Tusikubali majina yake yabaki mikononi mwa wengine.

Uhuru na Kazi!