Ziara za Vinamasini Ziwe Darasa

ZIARA za mafunzo zimekuwa ada katika nchi yetu. Haupiti msimu bila ya ujumbe wa madiwani, wa maofisa wa kilimo au wa wakulima kupanda gari au kuvuka bahari kwenda kujionea yanayofanywa na wenzao. Jambo hilo ni jema, na sisi tunaliunga mkono. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wahenga hao hao walituonya kwamba mtembezi hula miguu yake. Ziara isiyokuwa na shabaha humaliza mafuta ya gari na posho, ikamrudisha mtu kwake na picha tu.

Leo tunapenda kuzungumzia ziara za aina moja ambazo, kwa maoni yetu, bado hazijapewa uzito unaostahili. Nazo ni ziara za kuwaonyesha viongozi na wakulima jinsi vinamasi vinavyorudishiwa uhai wake, na jinsi udongo wa kuoteshea miche unavyoweza kupatikana bila ya kuchimbua vinamasi na misitu. Tunapendekeza Manundu, katika mji wa Korogwe, pawe kituo cha ziara hizo. Na tunapendekeza ndugu zetu wa Unguja na Pemba wawe miongoni mwa wageni wa mwanzo.

Huenda msomaji wa Wete au wa Mkokotoni akauliza: kinamasi cha bara kinanihusu nini mimi? Kinamhusu sana. Mto Pangani, unaopita Korogwe, hutoka katika bwawa la Nyumba ya Mungu na kupita katika kinamasi kikubwa cha Kirua kabla ya kuufikia mji huu. Kinamasi hicho kimepungua tangu bwawa lilipojengwa katika miaka ya 1960, kwa sababu mafuriko yaliyokuwa yakikilisha yamepungua. Chini ya Korogwe, maji ya mto huo huo huzungusha mitambo ya umeme ya Hale, iliyojengwa mwaka 1964 kwa uwezo wa megawati 21, na mitambo mipya ya Maporomoko ya Pangani, iliyoanza kazi mwaka 1995 kwa uwezo wa megawati 68. Umeme wake huingia katika gridi ya taifa, na kutoka katika gridi hiyo ndiko unakochota waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 2010 kutoka Tanga hadi Pemba. Na Handeni nayo hunywa maji ya mto huo. Kwa hiyo anayeharibu chanzo cha maji huku juu anaigusa taa ya mwenzake kisiwani na ndoo ya jirani yake bara.

Yafaa tueleze kwa ufupi siri ya ardhi ya kinamasi. Mimea ya majini, kama vile matete na mafunjo, hufa na kuanguka. Kwa kuwa maji yameizuia hewa, mabaki hayo hayaozi yakaisha, bali hulundikana tabaka juu ya tabaka na kuwa udongo mweusi, mwepesi, unaonyonya maji kama sifongo. Wataalamu huuita piti. Si kila kinamasi kinao, na pale ulipo huongezeka kwa kiasi cha milimita 1 tu kwa mwaka, hata tabaka la mita 1 likawa ni kazi ya miaka 1,000 hivi. Mtu akichimba mitaro na kuyaondoa maji, hewa huingia, udongo huoza, ardhi hudidimia, na gesi ya ukaa iliyokuwa imefungiwa hutoka na kuongeza joto la dunia. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba katika bonde la Kongo kuna vinamasi vya aina hiyo vyenye ukubwa wa kilomita za mraba 145,500, vinavyohifadhi tani za kaboni zipatazo bilioni 30.

Nchi za Ulaya ziliuchimba udongo huo kwa miaka mingi, kwanza kwa kuni, kisha kwa kuoteshea maua na mboga. Leo baadhi yao zinajuta. Huko Ireland, shirika la umma la Bord na Móna, ambalo tangu mwaka 1946 kazi yake kuu ilikuwa kuchimba udongo huo, lilitangaza mwezi Januari 2021 kwamba limeacha kabisa, na likageukia kazi ya kuziba mitaro na kuyarudisha maji. Hatuna sababu ya sisi kuanzia pale walipokosea wao ili tuje tujute kama wao.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo kutafuta mfano. Jirani zetu wa Rwanda walikiona kinamasi cha Rugezi kikikauka kwa mitaro na mashamba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maji ya ziwa Burera yakashuka, na mitambo ya umeme ya Ntaruka ikakosa nguvu. Uhaba wa mvua na uendeshaji mbaya ulichangia, lakini kinamasi kilikuwa sehemu kubwa ya maradhi hayo. Serikali ikaingilia kati, mimea ikapandwa kukizunguka, na mwaka 2005 Rugezi ikaingizwa katika orodha ya dunia ya ardhi oevu za Ramsar. Maji yalirudi. Hata hivyo wakulima walioondolewa bondeni walipoteza mashamba yao, na hilo nalo ni somo lisilofaa kufichwa.

Sasa tuje katika vitalu. Kila mche wa mkarafuu unaokwenda Pemba, kila mche wa nyanya au wa mchungwa, huanza maisha yake katika udongo. Vitalu vyetu vingi hujaza viriba kwa udongo wa msituni uliochanganywa na samadi na mchanga. Kiriba kimoja ni kidogo. Viriba laki moja ni shimo kubwa. Bila ya kutafuta badala, kazi njema ya kupanda miti huku itakuwa ikila msitu kule.

Badala ipo, nayo tunaitupa. Visiwani tunayo makumbi ya nazi. Akina mama wa pwani huyafukia, huyaponda na kuyatoa usumba wa kusokotea kamba. Lakini vumbi linalobaki huachwa, na makumbi mengine huishia jikoni kama kuni. Vumbi hilo hushika maji na kupitisha hewa karibu sawa na udongo wa kinamasi. India na Sri Lanka huliuza ng'ambo na kupata fedha za kigeni. Linataka kufuatwa masharti mawili tu: lioshwe mara kadhaa kwa maji baridi mpaka chumvi itoke, hasa kama makumbi yalifukiwa pwani, na lichanganywe na samadi au mboji, kwa kuwa lenyewe halina chakula cha kutosha kwa mche.

Korogwe nayo inao mkonge. Katika kila kilo 100 za majani yanayoingia katika korona, singa haizidi kilo 4 au 5; yanayobaki ni maji na makapi. Makapi hayo yakitupwa ovyo hutoa harufu na kuchafua mito. Yakilundikwa, yakageuzwageuzwa na kuachwa yaive kwa miezi kadhaa mpaka ukali wake uishe, huwa mboji. Huko Hale kilijengwa kiwanda cha kutoa gesi na umeme kutokana na makapi hayo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameonyesha kuwa uyoga huota vizuri juu yake. Chuo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, chenye uzoefu wa miaka mingi wa mkonge na udongo, hakiko mbali.

Hayo yote yanaweza kuonekana kwa muda wa siku mbili. Wageni waanzie Manundu asubuhi, waende mtoni na kinamasini waone mahali maji yanaposhikwa na mahali yalipokimbia. Kisha wasimame mbele ya korona na lundo la makapi. Siku ya pili waingie kitaluni, wavue makoti, wachanganye udongo kwa mikono yao na kujaza viriba. Ofisa aliyejaza viriba 50 atajua gharama ya mche kuliko aliyesomewa risala ya saa nzima.

Wanaoongoza wageni wawe wenyeji, na malipo yabaki kwao. Huko Gazi, katika pwani ya Kenya, akina mama huwatembeza wageni juu ya daraja la mbao ndani ya mikoko, na tangu mwaka 2013 kijiji hicho, kwa mradi wa Mikoko Pamoja, hupata fedha kwa kuihifadhi mikoko na matope yenye kaboni yaliyo chini yake. Fedha hizo zimesaidia maji na shule. Visiwani kwetu, vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Jozani vinaijua faida ya aina hiyo.

Kwa viongozi wa serikali, bara na visiwani, tuna maombi matatu. Kwanza, kila ujumbe utoe taarifa hadharani katika siku 30, useme umeona nini na utafanya nini, kwa fedha ipi. Pili, vitalu vya serikali viwe vya kwanza kuacha udongo wa msituni, vitenge sehemu ya kujaribia vumbi la makumbi na mboji ya mkonge, na matokeo yake wakulima wayaone. Tatu, sheria ya mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, isimamiwe pamoja na kuwasikiliza wanaolima mabondeni. Mkulima wa mpunga au wa mchicha hakuingia kinamasini kwa ubishi; aliingia kwa kufuata unyevu. Akiondolewa bila ya kuonyeshwa pa kwenda, atarudi usiku.

Tunasema tena kwamba ziara ni jambo jema. Lakini mgeni wa Pemba atakayefika Manundu asirudi mikono mitupu. Arudi na ujuzi wa kuosha makumbi yaliyo nyuma ya nyumba yake, na aache nyuma mwenyeji aliyepata riziki na kinamasi kilichopata maji. Hapo ndipo tutakaposema kwa haki kwamba mgeni amekuja, na mwenyeji amepona.